Mfunze mama simu ya video kabla hujapanda ndege

VIJANA wengi wa Kenya wanang'ang'ania kazi Saudi Arabia, Qatar na Milki za Kiarabu. Orodha ya maandalizi wanaijua: pasipoti, vipimo vya hospitali, cheti cha maadili mema, pesa za wakala. Jambo moja halimo: je, kuna mtu nyumbani anayejua kupokea simu ya video?

Usilidharau. Kwa sauti pekee unaweza kusema "niko sawa" huku mwajiri amesimama kando yako. Uso haudanganyi kirahisi hivyo. Mama akiona umekonda, ama kila ukiulizwa swali unatazama pembeni, atashtuka, na jamaa wataanza kumsaka wakala na kubisha ubalozini mapema.

Shida ni kwamba programu tuliyozoea haifanyi kazi kila mahali. WhatsApp ilianza simu za video 2016, lakini Milki za Kiarabu zimezizuia. Ujumbe unapita, simu haipiti. Huko watu hutumia programu zilizoidhinishwa, kama Botim. Sasa kama mama anajua WhatsApp tu, utamwekea hiyo nyingine vipi ukiwa Dubai?

Halafu kuna bando. Video hula data kuliko sauti, na wenye kabambe hawaioni kabisa. Ndiyo maana ni heri familia ikubaliane siku na saa, na simu ya nani itatumika. Saudi saa zao ni sawa na zetu. Dubai wako mbele kwa saa moja.

Kubwa zaidi ni subira. Sisi vijana humpokonya nyanya simu, tukabonyeza mbio mbio, kisha tukamrudishia. Hapo hajajifunza kitu. Mwache abonyeze mwenyewe: apokee, ageuze kamera, akate, apige tena. Muonye pia asimwonyeshe mtu asiyemjua skrini yake wala kumtajia PIN ya M-Pesa.

Serikali tayari inataka wanaokwenda kufanya kazi za nyumbani wapewe mafunzo kabla ya safari. Mafunzo hayo humwandaa anayeondoka pekee. Yafaa familia nayo iitwe, hata kwa saa moja, kwa sababu siku mambo yakiharibika, wa kwanza kupigiwa ni mama, si afisa.