Chokaa ya Sakafu Yetu

Ndugu Wanachama,

Wenzetu waliohamia Gongo la Mboto, huko Dar es Salaam, wametuletea mchango wao wa sakafu ya kuanikia karafuu. Twawashukuru sana. Lakini barua yao ina swali: chokaa itatoka wapi?

Swali hili si dogo. Chokaa tuliyoambiwa kuwa ni rahisi huchomwa kwa matumbawe yanayong'olewa baharini yangali hai. Wako wanaosema: sisi ni wakulima, bahari ni ya wavuvi. Hatukubaliani nao. Mwamba ndio unaovunja mawimbi yasile pwani yetu, na ndio nyumba ya samaki tunaowala.

Tumbawe ni mnyama. Ndani yake huishi vimea vidogo vinavyomlisha. Bahari ikizidi joto kwa wiki kadhaa, vimea hivyo humtoka, naye hupauka. Joto lisipopungua mapema, hufa. Ndivyo ilivyokuwa mwaka 1998: miamba ya Misali hapa Pemba, na ya Tutia kule Mafia, ilipata hasara kubwa. Joto likarudi 2016, na tena 2024. Hilo hatuwezi kulizima peke yetu, maana latokana na moshi wa dunia nzima. Lakini nyundo na mtaimbo vimo mikononi mwetu.

Kimbunga cha 1872 kiliangusha mikarafuu mingi ya Unguja. Mashamba yakapandwa upya, na kila mkulima ajua miaka inayopita kabla mti haujazaa. Je, nani angekata miche ile kwa kuni? Mwamba uliopauka nao ni shamba lenye miche. Huko Mnemba vipande vya matumbawe vimepandikizwa juu ya fremu za chuma. Ni kazi njema, lakini hupata eneo dogo tu. Kwanza ni kuuhifadhi mwamba uliosalia, kama ulivyohifadhiwa wa Chumbe tangu 1994.

Kwa hivyo rai yetu ni hii: sakafu ijengwe kwa saruji, au kwa chokaa ya mawe ya nchi kavu, hata gharama ikizidi na kazi ikachelewa msimu mmoja. Mpaka hapo tutaanika juu ya majamvi, kama walivyofanya wazee wetu. Mwenye hoja nyingine na aje mkutanoni, tutamsikiliza.

Wassalaam,
Katibu