Toleo jipya si lazima liwe bora: funzo la MS-DOS kwa mwenye simu

Simu inapokuletea ujumbe kwamba kuna toleo jipya la mfumo wake, ubonyeze au uache? Swali hili ni la zamani. Mwezi Aprili 2024 Microsoft, ikishirikiana na IBM, iliweka hadharani msimbo wa MS-DOS toleo la 4, ili yeyote ausome na kuutumia bure. Toleo hilo linakumbukwa zaidi kwa jinsi wengi walivyolikwepa.

MS-DOS ni nini?

Ni mfumo endeshi, yaani programu mama ya kompyuta, kama Android ilivyo kwenye simu yako. Haukuwa na vialama vya kugusa. Mtumiaji aliandika amri kwa kibodi: DIR kuona mafaili, COPY kuyanakili.

Kila toleo lilileta nini?

Toleo la kwanza lilitoka mwaka 1981 pamoja na kompyuta ya IBM. Mafaili yote yalikaa mahali pamoja, hakuna mafolda. Toleo la 2, mwaka 1983, lilileta mafolda na kuweza kutumia diski ngumu ya megabaiti 10, nafasi ya picha chache tu za simu ya leo. Toleo la 3.3 la mwaka 1987 lilipendwa kwa utulivu wake, ila sehemu moja ya diski haikuweza kuzidi megabaiti 32.

Toleo la 4 likaja mwaka 1988 na kuvunja mpaka huo. Lakini lilikula kumbukumbu nyingi, wakati programu zilikuwa zikigombania kilobaiti 640 tu. Pia lilikuwa na hitilafu. Wengi wakabaki na 3.3 hadi mwaka 1991, toleo la 5 lilipotoka likiwa limejaribiwa kwanza na watumiaji wengi. Hilo liliacha nafasi kubwa zaidi kwa programu, na likaleta amri ya kurudisha faili lililofutwa kwa bahati mbaya.

Toleo la 6, mwaka 1993, liliahidi kubana mafaili ili diski ibebe mengi zaidi. Baadhi ya watumiaji wakalalamika kupoteza kazi zao. Mwaka huohuo likafuata 6.2 lenye marekebisho.

Na simu yako?

Ipo tofauti moja kubwa. Kompyuta nyingi za wakati ule hazikuunganishwa na intaneti. Simu yako imeunganishwa, na ndani yake mna pesa. Kwa hiyo masasisho ya usalama, ambayo kwa kawaida ni madogo, usiyaache. Yanaziba matundu ambayo wezi wanayatafuta.

Toleo kubwa linalobadilisha mfumo mzima ndilo la kupima, hasa kama simu yako ina nafasi ndogo. Jiulize: Linarekebisha nini? Litachukua nafasi kiasi gani? Mwenye simu kama yangu ameliweka, na anasemaje? Ukingoja wiki mbili ukasikia habari za waliotangulia, hujachelewa.

Ukiamua kusasisha, hifadhi kwanza namba na picha zako mahali pengine, chaji simu vizuri, ndipo ubonyeze. Waliopoteza mafaili mwaka 1993 wakiwa hawana nakala hawakuwa na pa kuanzia.