Uimara wa Gari ni Matunzo

Mwaka 2004 dereva teksi wa Ugiriki, Gregorios Sachinidis, alilikabidhi jumba la makumbusho la Mercedes-Benz gari lake aina ya 240 D la mwaka 1976, lililokwisha kwenda kilometa milioni 4.6. Wengi husifu chuma cha Wajerumani. Ni kweli, injini ya dizeli haina plagi za cheche. Hewa hugandamizwa ndani ya silinda hadi ipate joto la kuwasha mafuta, hivyo sehemu zake hazina budi kuwa nene. Lakini hata gari hilo lilibadilishwa injini zaidi ya mara moja. Basi sifa ni ya matunzo: oili na chujio kubadilishwa kwa wakati, na mafuta kulindwa yasiingie maji. Anunuaye gari la fahari akayapuuza hayo, amenunua jina tu.