Kipindi Kisicho na "Paukwa"

Kuna ubishi ambao kila shabiki wa kipindi cha Top Gear cha Uingereza anaujua, na ambao mpaka leo haujapata hakimu: yale yaliyoonekana kwenye kioo, je, yalitokea kweli, au yalipangwa? Kila sehemu mpya ilipoonyeshwa, ubishi huo uliamka. Wapo walioapa kwamba gari liliharibika kweli. Wapo pia waliocheka na kuuliza: ikiwa liliharibika bila kutazamiwa, mpiga picha aliyekuwa ng'ambo ya mto alijuaje kwamba lingezimika pale pale alipoelekeza kamera yake?

Kwa ndugu wasomaji ambao hawakupata kukitazama, kipindi hiki kilianzishwa na BBC mwaka 1977 katika jiji la Birmingham, kikiwa darasa la kistaarabu la wenye motokaa. Huku kwetu bara televisheni wakati huo hatukuwa nayo. Tuliipata mwaka 1994, ingawa ndugu zetu wa Zanzibar walikwisha kututangulia kwa miaka ishirini. Mwaka 2002 kipindi kilifufuliwa kwa sura mpya kabisa. Jeremy Clarkson, Richard Hammond na, kuanzia mwaka 2003, James May, walikigeuza kuwa masimulizi ya wanaume watatu wanaozozana, wanaocheleweshana na kuharibiana magari. Ndipo dunia ilipokipenda. Kitabu cha rekodi cha Guinness cha mwaka 2013 kilikitaja kuwa kipindi cha mambo ya kweli kilichotazamwa kwa mapana zaidi duniani. Tafadhali, ndugu msomaji, yakumbuke maneno hayo: "mambo ya kweli".

Kwetu sisi ubishi huu unagusa sehemu mbili zilizoonyeshwa tarehe 3 na 10 Machi, 2013. Watatu hao walipewa paundi 1,500 kila mmoja wanunue gari kuukuu la kubebea familia na mizigo. Clarkson akaja na BMW, May akaja na Volvo, na Hammond akaja na Subaru. Wakapita Uganda, wakaingia Rwanda, kisha Tanzania, wakisema kwamba wanakitafuta chanzo halisi cha Mto Nile. Mwisho wa safari chanzo hicho "kilipatikana" katika ardhi ya Tanzania, na May akatangazwa kuwa wa kwanza kukifikia.

Hapa lazima niseme kwamba kwa mtu aliyewahi kusafiri katika njia zetu za mikoani, kichekesho chenyewe kina ladha ya ajabu kidogo. Gari lililokwisha kutumika na watu wengine ng'ambo, likafungwa bampa kwa waya na kupakiwa kupita uwezo wake, kwa Mwingereza ni mzaha wa Jumapili jioni. Kwetu ni gari. Ndilo linalompeleka mgonjwa hospitali na ndizi sokoni. Wala si jambo la kuwakasirikia wale watatu, kwani walipata taabu na walicheka zaidi wao wenyewe kwa wenyewe. Ila mafundi wa magari huweza kuzitazama sehemu zile kwa jicho jingine: hawaulizi nani kashinda, huuliza nani alishika spana.

Nirudi kwenye ubishi. Nionavyo mimi, mashabiki wamekuwa wakiuliza swali lisilo lenyewe. Kupanga si kosa. Bibi zetu walipanga. Sungura hakupata kusema na fisi hata siku moja, nasi tulisikiliza mpaka moto ukazimika. Lakini bibi hakuanza kabla ya kusema "Paukwa!" nasi tukaitika "Pakawa!" Kwa neno hilo moja tulivuka kizingiti, tukajua kwamba sasa tumo hadithini, na kwamba hakuna atakayekwenda kesho msituni kumtafuta fisi asemaye. Top Gear iliyofufuliwa ilipanga kama bibi, ila haikusema paukwa. Ilivaa koti la habari ikasimulia ngano.

Madhara yake hayalingani. Mengine ni madogo. Mtoto aliyezitazama sehemu za mwaka 2013 akajibu katika mtihani wa jiografia kwamba Nile inaanzia pale alipofika James May, atakosa alama, maana wataalamu hulitafuta chimbuko la mbali zaidi katika vijito vinavyoulisha Mto Kagera, huko msitu wa Nyungwe nchini Rwanda na vilima vya kusini mwa Burundi. Mzazi anaweza kulisahihisha hilo kwa ramani na dakika tano.

Mengine yalifika mahakamani. Desemba 2008 kipindi kilionyesha gari la umeme la Tesla likisukumwa kwa mikono kuingizwa bandani, kama lililoishiwa umeme. Halikuwa limeishiwa, watengenezaji wa kipindi walisema walitaka kuonyesha tu nini kingetokea. Kampuni ilishitaki mwaka 2011, ikashindwa, na rufaa yake ikatupwa mwaka 2013. Kwa sheria, mambo yakaishia hapo. Kwa mtazamaji wa kawaida, aliyeona kwa macho yake watu wakisukuma, sidhani.

Kubwa zaidi kwangu ni la Machi 2015. Clarkson alimpiga mtayarishaji mmoja wa kipindi kwa sababu ya chakula cha moto kilichokosekana hotelini baada ya kazi. Mfanyakazi huyo alikwenda hospitali, mdomo ukivuja damu. Kabla uchunguzi haujakamilika, watu zaidi ya milioni moja walikwisha kutia sahihi wakitaka Clarkson arudishwe. Nimelitafakari sana jambo hili. Siamini kwamba watu milioni moja wanaona halali mkubwa kumpiga mdogo wake kazini. Naamini kwamba kwa miaka kumi na mitatu walikuwa wamemtazama mtu yule akifoka, akigonga na kuvunja, na kila mara mwisho wake ukawa kicheko. Hakuna aliyewaonyesha mahali ngano ilipokoma. BBC haikumwongezea mkataba.

Mwili wa binadamu nao haujui maigizo. Septemba 2006 tairi lilipasuka Hammond akiwa katika gari la injini ya jeti, mwendo wa kilomita kama 460 kwa saa, akaumia ubongo. Desemba 2022 Andrew Flintoff, nahodha wa zamani wa kriketi aliyekuwa miongoni mwa watangazaji waliofuata, aliumia vibaya usoni gari la magurudumu matatu lilipopinduka. Novemba 2023 BBC ilitangaza kwamba kipindi kimesimamishwa.

Wale watatu wa kwanza walikuwa wamehamia Amazon tangu mwaka 2016 na kipindi chao cha The Grand Tour, na buriani yao ilionyeshwa tarehe 13 Septemba, 2024. Waliendesha magari ya miaka ya 1970 kupita Zimbabwe mpaka Botswana, wakaishia kisiwa cha Kubu, mwamba wenye mibuyu katikati ya uwanda wa chumvi wa Makgadikgadi, mahali walipofika pia mwaka 2007 wakiwa vijana kidogo. Jamaa yangu mmoja, shabiki wa siku nyingi, aliniuliza kama majonzi yale ya kuagana nayo yalikuwa yameandikwa mezani London. Nilimjibu kwamba hilo namwachia yeye. Mimi nilitaka kujua ni nani aliyekuwa chini ya magari yale usiku, kamera zilipozimwa.