Kabla ya kumnunulia mwanao kompyuta ya gemu

Njombe. Kijana amemaliza mtihani wa kidato cha nne, anasubiri matokeo, na kila jioni anaomba hela ya kwenda kwenye kibanda cha gemu. Baada ya wiki kadhaa anakuja na hoja: anunuliwe kompyuta mpakato. Ataitumia kujifunza, ataenda nayo chuoni, na gemu mpya ya mpira ataichezea nyumbani badala ya kushinda mtaani.

Mzazi anayelima viazi au parachichi anajua hela hiyo itatoka wapi. Ni mauzo ya msimu, na ikipotea hakuna ya kununua mara ya pili.

Hoja ya kijana si mbaya. Mashine moja inaweza kufanya kazi zote hizo. Tatizo ni kwamba familia nyingi huanza na bei, kisha hugundua nyumbani kuwa gemu yenyewe haifunguki. Na hata mashine inayoicheza vizuri ina gharama nyingine, inayolipwa usiku kwa usingizi, macho na ngozi ya mchezaji. Gharama zote mbili zipigiwe hesabu kabla ya kupanda gari kwenda dukani.

Anza na gemu, si na duka

Gemu ambayo vijana wengi bado wanaiita FIFA ilibadilika jina mwaka 2023 na kuwa EA Sports FC. Kila toleo hutangazwa pamoja na mahitaji yake. FC 25, iliyotoka Septemba 2024, inataka angalau RAM ya GB 8, nafasi ya GB 100 kwenye diski, prosesa ya kiwango cha Core i5-6600K, na kadi ya picha ya kiwango cha GTX 1050 Ti yenye GB 4. Kijana aandike mahitaji ya gemu anayoitaka kwenye karatasi, na karatasi hiyo iende dukani.

Wengi hukwama kwenye kadi ya picha. Mpakato nyingi za mtumba zenye bei nafuu, kama HP EliteBook, Dell Latitude na Lenovo ThinkPad, zilitengenezwa kwa kazi za ofisi. Ni imara na zinamfaa mwanafunzi, lakini nyingi hazina kadi ya picha inayojitegemea. Zinatumia ile ndogo iliyomo ndani ya prosesa.

Muuzaji akisema, "Hii ni i5, mama, RAM nane, inacheza gemu zote," nusu ya maneno hayo inaweza kuwa kweli. Core i5-6300U, inayopatikana kwenye baadhi ya EliteBook 840 G3, ina viini viwili vya kufanyia kazi. Core i5-6600K ina vinne, tena ni prosesa ya kompyuta ya mezani. Zote zinaitwa i5, lakini nguvu zake hazilingani.

Mpakato zilizotengenezwa kwa ajili ya gemu, kama Acer Nitro 5 au Lenovo Legion Y520, nazo hufika kwenye soko la mtumba. Hata hivyo, jina moja hubeba kadi tofauti, kwa hiyo jina pekee halitoshi. Ikumbukwe pia kuwa fundi anaweza kuongeza RAM na diski kwenye mashine nyingi baadaye, lakini kadi ya picha ya mpakato kwa kawaida haibadilishwi. Hela ikiwa kidogo, ni afadhali kupata kadi sahihi kwanza na kuacha diski kubwa isubiri.

Jambo jingine ni umri wa prosesa. Microsoft ilimaliza huduma ya kawaida kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa prosesa nyingi za Intel inataka kuanzia kizazi cha nane. Mashine inayotarajiwa kufika chuoni iangaliwe hapo: namba inayofuata "i5-" ianze na 8 au zaidi.

Na kama hela haifiki? Mzazi asikope kwa ajili ya gemu. Matoleo ya zamani kama FIFA 14 na PES 2013 huchezeka kwenye mashine nyingi za ofisi. Kijana aambiwe ukweli huo mapema, ili achague akijua.

Ukiwa Makambako, jaribu kabla ya kulipa

Wakazi wa Njombe hununua bidhaa nyingi Makambako, mji ulio kilomita zipatazo 60, ambako barabara ya Songea inakutana na ile ya Dar es Salaam kwenda Mbeya na ambako pia treni ya TAZARA inapita. Mashine ikigoma baada ya kufika nyumbani, kuirudisha ni nauli nyingine na siku nyingine ya kazi. Kwa hiyo majaribio yafanyike dukani.

Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, kisha fungua sehemu ya utendaji. Hapo jina la prosesa, ukubwa wa RAM na jina la kadi ya picha vitaonekana. Linganisha na karatasi. Omba gemu yoyote nzito ichezwe kwa nusu saa huku mashine ikiwa kwenye umeme, halafu sikiliza feni na gusa sehemu ya chini. Chomoa chaji uone betri inashuka kwa kasi gani. Dai risiti, na muda wa dhamana uandikwe.

Usisahau intaneti. Mtu anayenunua kifurushi cha GB 1 kwa siku atahitaji siku 100 kushusha gemu ya GB 100. Ndiyo maana vijana hukimbilia nakala za wizi kutoka kwa wenzao, ambazo zinaweza kuja na virusi vya kompyuta na kuharibu hata kazi za shule.

Joto, blanketi na mapaja

Kadi ya picha yenye nguvu hutoa joto jingi. Katika baridi ya Njombe ya Juni na Julai, ni rahisi mchezaji kujifunika blanketi na kuweka mashine mapajani ili apate moto kidogo. Hapo matundu ya hewa huziba, mashine hupunguza kasi ili isiungue, na ngozi nayo huumia.

Mwaka 2010 madaktari wa Uswisi waliripoti katika jarida la Pediatrics habari za mvulana wa miaka 12 ambaye paja lake lilipata mabaka baada ya kucheza gemu kwa saa kadhaa kila siku, kwa miezi, mpakato ikiwa mapajani. Ni mabaka yaleyale ambayo watu hupata wakikaa karibu mno na moto kwa muda mrefu. Joto hilo halihitaji kuwa kali kiasi cha kuunguza.

Dawa yake ni meza na kiti. Fedha ya meza ndogo iwekwe kwenye bajeti ya kompyuta tangu mwanzo. Na jiko la mkaa lisiingizwe kwenye chumba kilichofungwa ili mchezaji apate joto. Hewa yake inaua bila harufu.

Usiku ni wa kulala

Kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji usingizi wa saa 8 hadi 10. Mechi "moja ya mwisho" ndiyo inayoula. Njia rahisi ni mashine kukaa sebuleni, na izimwe saa moja kabla ya kulala. Kwa macho, kila baada ya dakika 20 mchezaji aangalie kitu kilicho mbali, kama mita 6, kwa sekunde 20. Anayelalamika kichwa au kuona ukungu mara kwa mara apelekwe kupimwa macho.

Kupenda gemu si ugonjwa. Shirika la Afya Duniani limeweka tatizo la uraibu wa gemu kwenye orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika Januari 2022, lakini kwa masharti: mtu ameshindwa kujizuia, gemu imetangulia mambo mengine yote, na anaendelea ingawa inamdhuru, kwa kawaida kwa miezi 12 au zaidi. Mzazi anayeona dalili hizo asingoje muda huo utimie. Amfikishe mtoto kwa mhudumu wa afya.

Makubaliano kuhusu saa za kucheza, mahali pa kuweka mashine na nani atanunua kifurushi yafanyike kabla hela haijatoka. Baada ya hapo ni vigumu zaidi kukubaliana.