C+ ya Mtihani Ambao Haupo

Masharti ya Tume ya Huduma za Walimu, TSC, yako wazi. Ukitaka kufundisha shule ya upili Kenya unahitaji digrii ya ualimu yenye masomo mawili ya kufundishia, wastani wa C+ kwenye KCSE, na C+ katika kila moja ya hayo masomo mawili. Kama digrii yako si ya ualimu, unaongeza stashahada ya uzamili ya elimu, lakini zile C+ mbili bado zinakufuata nyuma. Sasa chukua orodha ya masomo ya KCSE. Kifaransa kipo. Kijerumani kipo. Kiarabu kipo. Kihispania hakipo. Kwa hiyo msichana wa Ruiru anayetaka kuwa mwalimu wa Kihispania anadaiwa C+ ya mtihani ambao hautungwi.

Kuna mtu atanikumbusha kwamba masharti yanakubali pia alama inayolingana na hiyo kutoka mfumo mwingine. Sawa. Huo mfumo mwingine ni kama IGCSE, na huko Kihispania kipo. Maana yake mlango upo, ila funguo wamepewa waliosomea shule za mtaala wa Uingereza, zile ambazo karo yake ya muhula mmoja wengi wetu hatujawahi kuiona ikiwa pesa moja mahali pamoja. Wa shule ya kutwa abaki nje akichungulia dirishani.

Naandika hivi kwa sababu ya binamu yangu wa Kimbo, Ruiru. Alifanya KCSE mwaka jana: Kiswahili B+, Jiografia B-, jumla B-. Kihispania alikianza kupitia mpira. Januari 2018, Michael Olunga akiwa Girona, alitoka benchi akafunga mabao matatu dhidi ya Las Palmas, na huyu mtoto wa darasa la nne akataka kujua watangazaji wanapiga kelele wakisema nini. Hadi leo hajaacha. Anasikiliza redio za Colombia kwa bando ya shilingi ishirini, na daftari lake la vitenzi limejaa mara tatu.

Familia ilikaa kikao Thika, kwa shangazi, Makongeni. Mjomba akauliza swali ambalo kila mtu alicheka: hicho Kihispania utaongea na nani, na mananasi ya Del Monte? Mimi sikuulizwa. Niliacha chuo mwaka wa pili karo ilipokatika, kwa hiyo kwenye vikao kama hivi kazi yangu ni kuwa mfano wa kuonyeshwa kwa kidole. Basi nitamjibu mjomba hapa, ambapo hawezi kunikatiza.

Mjomba, heshima yako iko palepale, lakini swali lako lina majibu mengi. Kihispania ni lugha ya kwanza ya watu karibu milioni 500. Ni moja ya lugha sita rasmi za Umoja wa Mataifa, na Umoja wa Mataifa una makao Gigiri, mwendo wa mathree mbili kutoka hapo ulipokuwa umekaa. Ni lugha rasmi ya Umoja wa Afrika, pamoja na Kiswahili chetu, na Guinea ya Ikweta wanaitumia serikalini. Mwaka 2018 Kenya ilileta madaktari 100 kutoka Cuba, ikawatawanya kaunti zote, na ikapeleka wetu 50 wakasomee Cuba. Mpango huo ulidumu hadi Oktoba 2023, Wizara ya Afya iliposema hautaongezwa muda. Miaka mitano ya wagonjwa na madaktari kutafutana maneno wodini, na hakuna aliyewaza kwamba pengine nchi inahitaji wakalimani na walimu wachache wa lugha hiyo.

Na kuna kahawa. Ile Ruiru 11 iliyotolewa mwaka 1985 na watafiti wa kahawa hapo Ruiru, upande wa mama ni Catimor, na mbegu hiyo ya Catimor ilitoka Colombia. Shosho, aliyechuma kahawa maisha yake yote, ndiye pekee aliyekuwa upande wa binamu yangu kikaoni, na sababu yake ilikuwa Paloma wa Cuando seas mía, ile tamthilia ya Mexico ya wachuma kahawa iliyowahi kufunga mitaa jioni. Tuliitazama ikiwa imetafsiriwa kwa Kiingereza, bila shaka. Wakulima wa Amerika ya Kusini na wetu wanalima zao moja, wanapigana na magonjwa yaleyale, na wanaongea kupitia mtu wa tatu.

Lakini nikiwa mkweli, mjomba si adui. Mjomba anarudia tu hesabu ambayo serikali imemfundisha: lugha ya kigeni ina maana pale ambapo ubalozi fulani umelipia. Angalia jinsi hizi lugha zilivyoingia. Kifaransa kina Alliance Française, Kijerumani kina Goethe-Institut. Taasisi ya Confucius ilifunguliwa Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 2005, ya kwanza Afrika, kisha nyingine ikaja Chuo Kikuu cha Kenyatta, ambacho ukipanda mathree ya Ruiru unakipita kila siku. Januari 2019 tukatangaziwa kwamba Kichina kitafundishwa kuanzia gredi ya 4. Sina ubaya na Wachina, wala na mtoto yeyote anayejifunza Kichina. Ninachouliza ni hiki: Kenya imewahi kukaa yenyewe, bila mgeni mwenye hundi mezani, ikajiuliza watoto wake wanahitaji lugha gani? Uhispania nayo ilifungua Instituto Cervantes Dakar mwaka 2021. Sisi tusubiri wafike Nairobi ndipo Kihispania kiwe somo?

Mtaala mpya ulikuwa nafasi ya kurekebisha hilo. Gredi ya 10 wa kwanza wameingia sekondari pevu Januari 2026, na lugha za kigeni walizowekewa ni Kiarabu, Kifaransa, Kijerumani na Kichina. Mtaala ulibadilishwa kuanzia jina hadi daftari, na hiyo sehemu ikabaki orodha ya marafiki wa serikali.

Kuna hoja moja dhidi yangu ambayo naiheshimu. Walimu waliopo hawana kazi. Waliofika sekondari msingi kama wanagenzi walilipwa shilingi 20,000 kwa mwezi kabla ya makato, wakiwa na digrii kamili, na mwaka 2024 waliingia barabarani kwa sababu hiyo. Mtu akiniuliza kwa nini tuongeze mwalimu wa Kihispania kwenye foleni hiyo, namwelewa. Ila binamu yangu haombi TSC imwajiri. Anaomba imsajili. Tangu Sheria ya TSC ya 2012, kufundisha bila kusajiliwa ni kosa, hata kwenye shule ya kibinafsi. Kwa hiyo shule za kibinafsi zinazotaka mwalimu wa Kihispania zinaajiri mgeni, au zinamchukua mtu aliyesajiliwa kwa Kiswahili na Jiografia halafu anaingia darasa la Kihispania kwa mlango wa nyuma. Kazi hiyo ipo. Wakenya wanaifanya kimyakimya tu, karatasi zao zikisema kitu kingine.

Kwenye pengo hilo ndipo wachuuzi wanaingia. Kando ya Thika Road kuna vyumba vya ghorofa ya tatu vinavyotangaza cheti cha Kihispania kwa miezi mitatu, Jumamosi tu, saa tatu kila kipindi. Piga hesabu: wiki 12 mara saa 3 ni saa 36. Wamarekani, wanapofundisha wanadiplomasia wao Kihispania, hutenga saa 600 hadi 750 za darasani, na hao ni watu wanaolipwa kusoma. Kwa mwendo wa Jumamosi moja moja, saa 600 ni wiki 200, karibu miaka minne. Anayekuuzia saa 36 na kukuita mwalimu anakuibia, na anakwenda kuwaibia wanafunzi wako pia. Heri Duolingo, angalau haikuahidi kazi.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba Kihispania tungeweza kukifundisha vizuri kuliko wengi. Kitabu cha Kiingereza kinatumia kurasa kueleza kwamba vokali za Kihispania ni tano na hazibadiliki. Sisi tuna hizohizo tano. Mwingereza anashangaa kwamba hablo peke yake ni sentensi, mtendaji akiwa ndani ya kitenzi. Kwani ninasema ni nini? Anashangaa kwamba kivumishi kinafuata nomino na kubadilika nayo. Mtoto mzuri, watoto wazuri. Niño bueno, niños buenos. Ukizoea ngeli zote zile, jinsia mbili za Kihispania zinakuwa mteremko. Na Waarabu walipita kwao na kwetu: sukari ni azúcar, msikiti ni mezquita, na hata yetu na hasta yao zimetoka neno moja. Meza na mesa sina haja ya kueleza, hapo Mreno alituachia. Mwalimu anayejua Kiswahili kwa undani anaweza kuokoa wiki nzima za darasa. Lakini kitabu cha Kihispania kilichoandikwa kwa ajili ya mtu anayewaza kwa Kiswahili sijakiona, na mtu wa kukiandika ndiye huyu tunayemwambia aende akasomee kitu cha maana.

Kwa hiyo mpango niliompa binamu yangu, baada ya kikao, tukila mutura stejini, ni wa kupita katikati ya sheria mbovu bila kuliwa nayo. Fomu ya KUCCPS aweke digrii ya ualimu, Kiswahili na Jiografia, kwa sababu C+ za hayo anazo na zaidi. Asidanganywe na jina zuri la kozi: hata akipata chuo kitakachompa digrii ya Kihispania, kama digrii hiyo haina somo la pili ambalo TSC inalitambua na alama zake, atatoka na gauni na picha. Kihispania akisome sambamba, saa nne au tano kwa wiki bila kukosa, afike mtihani wa DELE wa B2 kabla ya mwaka wa nne. DELE hutolewa na Instituto Cervantes kwa niaba ya wizara ya elimu ya Uhispania na haimalizi muda, kwa hiyo hakuna mtu atamrudisha kuulipia tena. Mazoezi ya kufundisha afanye kwa Kiswahili chake, kwa bidii yote, maana kupanga somo na kutuliza darasa la watoto 60 ni ufundi uleule katika lugha yoyote. Na kuanzia mwaka wa pili afungue klabu ya Kihispania kwenye shule yoyote ya Ruiru itakayomkubali, kwa kuwa klabu haihitaji usajili wa somo.

Hiyo ni kwa upande wake. Kwa upande wa TSC, sidai wajenge idara wala waajiri mtu. Waongeze mstari mmoja kwenye masharti yao: pale ambapo KCSE haina mtihani wa lugha fulani, cheti cha kimataifa cha kiwango cha B2 kikubalike badala ya ile C+. Mstari huo hauhitaji bajeti, na haumpunguzii ubora mtu yeyote, kwa kuwa B2 ni kizito kuliko C+ ya fomu 4 mara kadhaa. Ungemhudumia wa Kihispania leo, wa Kireno kesho, na wa Kiamhari siku tutakapokumbuka kwamba Ethiopia ni jirani.

Binamu yangu amejaza fomu. Mjomba amekubali kuchangia karo ya muhula wa kwanza, kwa sababu karatasi inasema Kiswahili na Jiografia. Hilo la Kihispania hatujamwambia.