MTOTO WA JICHO, SEHEMU YA 3: Hiyo "subiri aive" iacheni

Mama zangu wa Tumbe. Leo nasema kwa ukali kidogo.

Bibi haoni, mnasema "uzee huo". Mjukuu anakosa skuli ili amshike mkono mpaka chooni. Jamani, mtoto wa jicho anatibika! Ni lenzi ya ndani ya jicho imeingia ukungu. Matone hayamuondoi, asali wala maziwa ya mama msitie. Na hasubiriwi aive: akikomaa sana ndo upasuaji unakuwa mgumu.

Mnaogopa jicho litang'olewa? Halitolewi. Linatiwa ganzi, lenzi yenye ukungu inatolewa, inawekwa ya bandia. Mara nyingi haifiki nusu saa, na wengi hurudi nyumbani siku hiyo hiyo.

Baada ya hapo kazi ni yenu. Matone kwa wiki kadhaa kama alivyoandikiwa. Asifikiche jicho, asibebe ndoo, asikae kwenye moshi wa kuni. Kusujudu, muulizeni daktari lini aanze. Akiwa na maumivu makali, usaha, au kuona kunapungua, mrudisheni siku hiyo hiyo.

Na wewe mwenye mtoto mchanga: mboni ikionekana nyeupe, usingoje akue. Ubongo wake unajifunza kuona sasa hivi. Ukichelewa, hata upasuaji haurudishi kila kitu.

Nauli ya Chake inapatikana kukiwa na harusi. Basi ipatikane na kwa bibi, mtoto arudi skuli.